Sentimita Thelathini Zinazokula Bando

Simu iko kushoto, laptopu iko kulia, na kati yake hapazidi urefu wa rula ya shule. Mwenyewe anataka picha 500 za harusi ya mdogo wake zitoke kwenye simu zikae kwenye kompyuta. Kwa kuwa kompyuta hiyo sasa ina Linux, ameshajiaminisha kwamba waya hautafanya kazi, kwa hiyo anafungua Google Drive kwenye simu na kupakia. Akimaliza anahamia kwenye kompyuta na kupakua. Intaneti ya kompyuta nayo inatoka kwenye simu hiyohiyo.

Tupige hesabu. Picha moja ya simu ya kawaida siku hizi ni kama MB 4, basi picha 500 ni GB 2. Kupanda ni GB 2 na kushuka ni GB 2 nyingine. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ukigawa bei ya bando lako kwa idadi ya GB unapata shilingi 2,000 kwa kila GB. Umelipa 8,000 kusogeza vitu sentimita 30. Ukimuuliza atakwambia ametumia njia ya bure, maana hajanunua chochote. Mimi nasema katika njia zote za kuunganisha simu na Linux hakuna iliyo ghali kama hiyo, na ndiyo watu wanayoikimbilia kwanza.

Swali la kuunganisha simu na Linux limepata uzito tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa kompyuta za Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu za mtumba zilizojaa Kariakoo jijini Dar es Salaam na barabara ya Luthuli jijini Nairobi, zile ThinkPad, EliteBook na Latitude za kizazi cha nne mpaka cha saba, zimebaki nje ya mlango. Ni mashine imara ambazo bado zina miaka ya kazi mbele yao, na wengi wanaziwekea Linux Mint au Ubuntu bila kulipia leseni. Siku ya pili tu linakuja suala la simu.

Waya ndio wa kwanza kuujaribu, nao una historia iliyouharibia jina. Zamani simu ya Android ukiichomeka kwenye kompyuta ilionekana kama flashi. Kuanzia Android 3.0, mwaka 2011, mambo yalihamia kwenye utaratibu unaoitwa MTP, ambao ndani yake simu inabaki na mamlaka juu ya hifadhi yake na kuikabidhi kompyuta faili mojamoja. Linux ya miaka ile iliumeza MTP kwa shida. Folda zilikuwa hazifunguki, na kunakili kukikatika katikati. Sifa hiyo mbaya inasimuliwa mpaka leo na watu ambao hawajajaribu tena. Kwenye Mint au Ubuntu ya sasa huhitaji kusakinisha kitu. Unachomeka waya, unafungua kioo kwa pini au kidole, unashusha arifa kutoka juu, unagusa ile inayosema simu inachaji kupitia USB, kisha unachagua Kuhamisha Faili. Simu inajitokeza pembeni kwenye kidirisha cha faili. Ukiona folda tupu, mara nyingi ni kwamba kioo cha simu kimejifunga au hujabadilisha chaguo la kuchaji.

Tatizo halisi la waya siku hizi ni waya wenyewe. Nyaya nyingi za bei poa ni za kuchaji tu: ndani yake mna nyuzi mbili za umeme, na zile mbili za data hazimo kabisa. Geuza kichwa cha upande wa kompyuta, ile USB bapa, uchungulie ndani. Kuna vibamba vinne vya rangi ya dhahabu vimelala sambamba. Viwili vya pembeni, ambavyo ni virefu kidogo, ni vya umeme. Viwili vya katikati ni vya data. Ukikuta katikati patupu, mrudishie muuzaji. Ukivikuta vyote vinne bado usishangilie, kwa sababu wapo watengenezaji wanaoweka kichwa kamili na kubana matumizi kwenye nyuzi za ndani. Maneno ya chaji ya haraka kwenye boksi hayasemi lolote kuhusu data. Kipimo cha uhakika ni kuuchomeka palepale dukani kwenye kompyuta yoyote na kuona kama simu inakuuliza habari ya kuhamisha faili. Ukiwa na laptopu yako, andika lsusb kwenye terminali kabla na baada ya kuchomeka. Mstari mpya ukitokea, waya una data. Muuzaji anayekataa usipime, nunua kwa jirani yake.

Waya wa kawaida wa USB 2.0 unatangazwa kwa megabiti 480 kwa sekunde, lakini kwa matumizi ya kweli utapata kama MB 30 kwa sekunde. GB 2 zetu za harusi, kwenye karatasi, ni dakika moja na ushee. Kwa MTP na faili ndogondogo 500, weka dakika kadhaa. Usilipie zaidi waya ulioandikwa kasi za USB 3 kabla hujajua kama simu yako inazifikia; simu nyingi za bei ya kati zina tundu la USB-C lakini ndani yake ni USB 2.0 ileile.

MTP ina kero zake hata leo. Folda ya kamera yenye maelfu ya picha inaweza kuchukua muda kufunguka, kwa sababu kompyuta inaulizia faili mojamoja na papo hapo inataka kuchora vijipicha vyake. Na usitumie kata na ubandike. Nakili kwanza, fungua picha chache upande wa pili uhakikishe, ndipo ufute kwenye simu. Kwa mzigo mkubwa mimi huiacha MTP na kutumia adb, programu ndogo inayosakinishwa kwa sudo apt install adb. Kwenye simu gusa Nambari ya Muundo mara saba, menyu ya wasanidi ifunguke, uwashe Utatuzi wa USB. Halafu amri moja, adb pull -a /sdcard/DCIM/Camera, inabeba folda nzima na kutunza tarehe za faili. Ukimaliza zima utatuzi huo. Ukiuacha wazi, kompyuta yoyote uliyoiruhusu inaweza kuingia ndani sana, na baadhi ya programu za benki hugoma kufunguka zikiuona umewashwa.

Kupitia adb hiyohiyo kuna programu ya bure iitwayo scrcpy, iliyotolewa na kampuni ya Genymobile mwaka 2018, inayoonyesha kioo cha simu kwenye kompyuta na kukuruhusu kukiendesha kwa kipanya. Aliyepasua kioo anajua bei ya kukibadilisha, na anajua kwamba mara nyingine bei hiyo inakaribia thamani ya simu nzima. Kama kompyuta yako ilikuwa imesharuhusiwa kabla ya ajali na Utatuzi wa USB ulibaki umewashwa, unaweza kuokoa picha na majina yako kwanza, ukaamua baadaye kama simu inastahili kioo kipya. Kama haikuruhusiwa mapema, au utatuzi ulikuwa umezimwa, scrcpy haitakusaidia, kwa sababu yote mawili yanafanyika kwenye kioo hichohicho kilichokufa.

Wanaolalamika kwamba haya ni mengi wangewahurumia waliotangulia. Kompyuta ya mkononi iliyopata umaarufu mkubwa, Pilot iliyokuja kuitwa Palm, ilitoka mwaka 1996, ikiwa na kitako chake na kitufe cha HotSync cha kuioanisha na kompyuta. Mtumiaji wa Linux alitegemea programu za pilot-link na J-Pilot, akatengeneza kwa mkono njia ya mkato ya /dev/pilot, na kwa modeli za USB akajifunza kubonyeza kitufe cha kitako kabla ya kuanzisha amri, la sivyo kompyuta ilikuwa haioni kifaa. Kazi yote hiyo ilikuwa ya majina, miadi na orodha za mambo ya kufanya.

Njia ya pili ninayoipendekeza ni Wi-Fi isiyo na intaneti, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili. Ruta ya nyumbani ambayo bando lake limekwisha bado ni ruta. Inaendelea kuunganisha simu na kompyuta zilizomo ndani ya nyumba, bila senti. Kama huna ruta, washa hotspoti ya simu, zima data ya simu, uunganishe laptopu. Vitu viwili hivyo sasa vinazungumza vyenyewe kwa vyenyewe, na mtandao wa simu hauhusiki.

Ndani ya Wi-Fi hiyo kuna programu kadhaa, zote za bure, zinazogombea kazi ileile. LocalSend ndiyo rahisi zaidi: unaifungua pande zote mbili, kila upande unauona mwenzake, unachagua faili, unatuma. Inakubali Android, iPhone, Linux na Windows, kwa hiyo inafaa hata na mgeni aliyekuja na laptopu yake. Linux Mint ina yake, Warpinator, iliyokuja na Mint 20 mwaka 2020. Ile yenye mengi zaidi ni KDE Connect, iliyoanza mwaka 2013 kama mradi wa mwanafunzi Albert Vaca chini ya mpango wa Google wa kudhamini programu huria. Ukiwa na eneo-kazi la GNOME, kama ilivyo kwenye Ubuntu, pata GSConnect, inayozungumza lugha ileile. Ukishaoanisha, unatuma faili, unafungua folda za simu kutoka kwenye kompyuta, unanakili maandishi huku na kuyabandika kule, unaona chaji imebaki kiasi gani, unaifanya simu ilie ukiwa umeipoteza kwenye makochi.

Vifaa vikikataa kuonana, sababu kwa kawaida ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ngome ya kompyuta: kama umewasha ufw, ruhusu milango 1714 mpaka 1764, ya TCP na ya UDP, kwa ajili ya KDE Connect. Ya pili ni ruta yenyewe. Wi-Fi za hoteli, hosteli na ofisi nyingi zimepangwa ili wateja wasionane, na hilo hulirekebishi wewe. Rudi kwenye hotspoti yako, na kama bado zinagoma, andika anwani ya IP kwa mkono.

KDE Connect ina jambo moja la kuangalia kabla hujaipeleka kazini. Inarusha arifa za simu kwenye kioo cha kompyuta, na ujumbe wa muamala ni arifa kama nyingine. Umetumiwa pesa, na salio lako linatokea pembeni mwa kioo wakati mteja au bosi ameinama kuangalia ankara. Ingia kwenye mipangilio ya programu, uzime arifa za SMS, au uchague chache tu zinazoruhusiwa kupita.

Kwa kasi, Wi-Fi ya 2.4 GHz ndani ya chumba kimoja, tuseme inafikia megabiti 30 kwa sekunde, itamaliza GB 2 kwa kama dakika tisa. Kama simu na laptopu zote zina 5 GHz, muda unakaribia ule wa waya. Bluetooth nayo ipo, na kwa matumizi halisi hupati zaidi ya megabiti 2 kwa sekunde. Picha za harusi zingechukua zaidi ya saa mbili. Itunze kwa PDF moja au namba ya fundi.

Kama simu yako ina nafasi ya memori kadi, unaweza kuchomoa kadi na kuisoma moja kwa moja kwenye laptopu. Nyingi za zile laptopu za mtumba zina tundu la SD pembeni, na adapta huja pamoja na kadi. Linux ilipokea exFAT, mpangilio wa kadi kubwa, ndani ya kiini chake toleo la 5.4 mwaka 2019, kwa hiyo huna tena cha kusakinisha. Hatari iko sokoni. Kadi na flashi bandia, zilizoandikwa GB 256 huku ndani zikiwa na sehemu ndogo tu ya hizo, zimejaa, na hazijitambulishi: zinapokea faili kwa furaha mpaka zijae, kisha zinaanza kuandika juu ya za zamani au kuzitupa. Hapa mwenye Linux ana bahati. Sakinisha f3, ipe kadi mpya ikiwa tupu, f3write iijaze na f3read isome kilichoandikwa. Itakwambia nafasi ya kweli ni ngapi. Fanya hivyo siku ya kununua, risiti ikiwa bado mfukoni.

Anayechoka kukumbuka kunakili atapenda Syncthing. Unachagua folda ya kamera, na kila simu inapofika nyumbani na kuingia Wi-Fi, picha mpya zinahamia kwenye kompyuta zenyewe. Programu rasmi ya Android ilisitishwa Desemba 2024, lakini Syncthing-Fork inaendelea na kazi hiyo. Kuna mipangilio mitatu ambayo usipoigusa utalia. Simu iwe upande wa kutuma tu na kompyuta itunze matoleo ya zamani, kwa sababu ukifuta picha kwenye simu, Syncthing kwa kawaida inaifuta na kule. Pia iamuru ifanye kazi kwenye Wi-Fi tu. Vifaa visipofikiana moja kwa moja, inaweza kupitisha faili kwenye seva za kati za intaneti, na hapo tumerudi kwenye zile shilingi 8,000.

Sisemi wingu halina kazi. Kwa majina na namba za simu, kalenda na madokezo, akaunti ya Google inatosha kabisa. Majina elfu moja ni data ndogo kuliko video fupi ya kuchekesha, na Thunderbird kwenye Linux inayasoma. Asiyetaka kumpa Google majina yake anaweza kutumia DAVx5, ambayo inalipiwa kwenye Play Store lakini ni bure kwenye duka la programu huria la F-Droid, akiwa na seva yake ya Nextcloud. Ila seva hiyo inataka mashine inayowaka usiku na mchana, na mtu wa kuihudumia. Kwa familia moja, sioni kama umeme na muda huo vinalipa. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, ambazo Gmail, Drive na picha zinagawana. Itumie kwa majina, picha ziache nyumbani.

Sasa upande mwingine wa muunganiko huu, ule ambao simu inaipa kompyuta intaneti. Hapa ndipo Linux yenyewe inaweza kukumaliza bando. Ukiwasha kusambaza mtandao kwa USB, kompyuta inaiona simu kama waya wa mtandao na inaweza kuichukulia kama intaneti isiyo na mwisho. Ubuntu inakagua masasisho ya vifurushi vyake vya snap hadi mara nne kwa siku, na Firefox ya Ubuntu ni snap. Unafungua laptopu kusoma barua pepe, na nyuma ya pazia inapakua. Fungua mipangilio ya mtandao na utie alama kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kiasi. Kisha andika sudo snap set system refresh.metered=hold, na snap itasubiri mpaka ukae kwenye mtandao usio na kipimo. Linux Mint haiweki snap tangu toleo la 20, na meneja wake wa masasisho anakuonyesha orodha na ukubwa wake kisha anasubiri uamue. Kwa anayeishi kwa bando la wiki, hiyo peke yake inatosha kuchagua Mint badala ya Ubuntu, ingawa Ubuntu ina watumiaji wengi zaidi wa kuwauliza.

Mwenye iPhone ana safari ndefu zaidi. Apple haina programu ya Linux. Kinachobeba kazi ni libimobiledevice, iliyoandikwa na watu wa nje ya Apple, na kwa picha inafanya vizuri: unachomeka, simu inakuuliza kama unaiamini kompyuta hii, unakubali, folda ya DCIM inafunguka. Zaidi ya hapo usitarajie mengi. Picha zitakuja katika muundo wa HEIC, ambao baadhi ya programu za Linux hazifungui bila nyongeza. Badilisha kwenye mipangilio ya kamera kwa kuchagua muundo unaopatana na vifaa vingi, na picha mpya zitakuwa JPEG, kubwa zaidi. Kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023 tundu ni USB-C, ila ile ya kawaida ina kasi ya USB 2.0; ni Pro pekee zinazokwenda zaidi. iPhone 14 na za nyuma yake zinataka waya wa Lightning, na huo wa bandia una kasoro zilezile za nyuzi zinazokosekana.

Kwa hiyo kama laptopu tayari ina Linux na simu bado hujainunua, nunua Android, na muulize muuzaji mambo mawili kabla ya kuuliza idadi ya kamera: ina nafasi ya memori kadi, na Wi-Fi yake inafika 5 GHz? Simu mbili za bei moja zinaweza kutofautiana kwa hayo, na muuzaji mara nyingi hajui. Jibu liko kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Tafuta kwa namba ya modeli iliyo kwenye boksi, maana majina yanayofanana huuzwa na vifaa tofauti ndani.